Mama yangu (76) anaishi na watu saba ndani ya nyumba, mbona namuona kama yuko peke yake?

#1 Chipukizi_Kibosho
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu maana mimi na ndugu zangu tumeshindwa kuelewana kwenye hili.

Mama yetu ana miaka 76. Mzee alifariki 2021, mama akabaki Kibosho, Moshi, na binti wa kumsaidia. Mwaka jana mwezi wa nne akateleza kwenye tope akitoka kukata majani ya ng'ombe, mkono ukavunjika, tukakubaliana aje kwangu hapa Dar, Kibamba. Nyumba ina mimi, mke wangu, watoto watatu, shemeji yangu na dada wa kazi. Chumba chake kina choo ndani, chakula hakosi, dawa za presha hakosi, TV yake anayo.

Ila kuna vitu naviona. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka, kajifunga kanga, kakaa kitandani anasubiri tuamke. Tukishatoka anahamia kwenye kiti cha plastiki karibu na geti mpaka saa saba mchana, bodaboda ikipita anainuka kidogo anachungulia halafu anakaa tena. Tukirudi jioni magoti yanauma, kichwa kinauma, ukimpeleka hospitali vipimo vyote safi. Alikuwa mtu wa stori huyu, sa hivi ukimuuliza anasema "niko salama" basi imeisha. Kilichonisukuma kuandika ni Jumamosi iliyopita, mke wangu kaingia kumpangia nguo kabatini akakuta kabati halina kitu, nguo zote bado ziko kwenye begi lile lile alilokuja nalo, zimekunjwa vizuri na juu yake kaweka rozari. Miezi kumi na moja wakuu.

Dada yangu mkubwa anasema ni uzee tu. Mdogo wangu anasema upweke. Sasa upweke unamuingiaje mtu ambaye nyumba imejaa? Na unautambuaje kwa mzee asiyesema?

#2 Konda_Mstaafu
Umemtoa Mchaga kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwake, umemuweka kwenye uwanja wa paving, halafu unauliza kapatwa na nini. Pole mkuu. Lile begi limeshakujibu, mama yuko safarini, hajafika.

#3 Sista_wa_Tabora
Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya magonjwa sugu, wazee ndio wateja wangu kila Jumanne.

Chipukizi, kukaa peke yako na kuwa mpweke ni vitu viwili. Kukaa peke yako kunahesabika, unahesabu vichwa. Upweke hauhesabiki kwa vichwa, ni lile pengo kati ya watu mtu anaowataka na watu alionao. Kuna mabibi wanaishi wenyewe kijijini na wala hawana upweke maana kutwa nzima wanapitiwa na jirani, anayeomba moto, anayeleta habari ya msiba. Na kuna mzee yuko sebuleni na wajukuu sita kila mmoja ana simu yake.

Upande wa kuutambua, wazee wetu hawatakwambia "nina upweke". Akisema hivyo ni kama anawashitaki watoto wake kwamba hawamtunzi, na hawezi kukuaibisha. Kwa hiyo anasema kupitia mwili. Miguu inawaka moto, usingizi umekata, chakula hakina ladha. Mimi kliniki namjua mapema yule anayekuja siku ambayo sio ya kwake, presha iko vizuri, dawa anazo, lakini anakaa kwenye benchi mpaka saa nane anaongea na wenzie. Kuna mmoja nilimuuliza bibi mbona leo sio tarehe yako, akanijibu "nimekuja kuwaona". Sikumrudisha.

Kuna maswali matatu yanatumika sana kwenye utafiti, ni mara ngapi unaona huna mtu wa kuwa naye, ni mara ngapi unaona umeachwa pembeni, ni mara ngapi unaona umetengwa na wenzio. Kila jibu lina pointi 1 hadi 3, kwa hiyo jumla inaanzia 3 mpaka 9. Ila ukimuuliza bibi wa Urambo moja kwa moja hivyo atakujibu "mimi na Mungu wangu tupo". Mimi nazunguka. Namuuliza jana uliongea na nani. Ukipata habari nzuri leo unamwambia nani wa kwanza. Nani akikukosa siku mbili ataulizia. Hapo kwenye kunyamaza kabla hajajibu ndipo ninapopata jibu langu.

#4 Mwana_wa_Wete
Assalam alaykum. Kwetu Pemba kuna neno ukiwa. Mkiwa ni alofiwa akabaki hana wake, na ukiwa waweza kuwa nao hata kwenye harusi. Huyo mama, kwa alivyoeleza mwenye uzi, mie naona ana ukiwa, kafiwa na mume kisha kaondoshwa kwenye nyumba alokuwa akikaa nae. Hajapata hata pa kulilia. Kaburi la mume liko wapi?

#5 Chipukizi_Kibosho
@Mwana_wa_Wete kaburi liko kihambani, hatua kama thelathini kutoka jikoni. Alikuwa anapita pale kila asubuhi kwenda kuchuma majani. Kiukweli sikuwahi kulifikiria hili.

@Sista nashukuru. Jana nimejaribu lile la "ukipata habari nzuri unamwambia nani", kataja jina la rafiki yake wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) ambaye alifariki miaka miwili iliyopita. Halafu akasema, "aah, huyo si hayupo".

#6 Mzee_wa_Kigoda
Nina miaka 69 naandika mwenyewe kwa simu yangu. Nyie vijana msigeuze kila kitu ugonjwa. Mtu mzima kunyamaza ni kawaida, ameshasema mengi. Mimi nikikaa chini ya mwembe wangu saa tatu nzima bila neno, mke wangu hanipeleki hospitali. Kuna utulivu ambao nyie hamjaufikia, mnauona mnadhani ni huzuni. Muulizeni mama kwanza kabla ya kumjadili.

#7 Dada_Chiku
Shikamoo @Mzee_wa_Kigoda. Ulichosema ni kweli ila wewe mwembe ni wako, mke yupo ndani, na hapa umeingia kubishana nasi. Yule mama zamani alikuwa msemaji, kabadilika. Mimi naangalia lile badiliko.

#8 Mzee_wa_Kigoda
Marahaba mjukuu. Hapo kwenye badiliko nakubali nusu.

#9 Fundi_Spika
Kabla hamjafika mbali, mpelekeni akapimwe MASIKIO. Baba yangu tulimuona hivyo hivyo, hachangii mezani, anatabasamu tu, ukimuuliza kitu anajibu kingine, tukaanza kusema mzee anachanganyikiwa, mpaka mchungaji akaitwa kumuombea. Kumbe hasikii. Sikio moja lilikuwa limejaa nta ngumu kama jiwe, lingine limepungua nguvu. Siku wamemsafisha tumetoka nje kasimama barabarani ananiuliza "huyo ndege ni gani?". Alikuwa kunguru. Mzee asiyesikia vizuri anachoka kusema "unasemaje?" mara kumi kwa siku anaamua kunyamaza, halafu na nyie mnaacha kumuongelesha, hapo ndo anapotelea.

#10 Mama_Tegemea
Mimi naona tofauti na wote. Mmemstaafisha mama bila kumuuliza. Mtu kaamka saa kumi na moja miaka sitini, kukamua ng'ombe, kufagia, kupeleka ndizi sokoni, leo anaambiwa "mama kaa upumzike, dada yupo". Anapumzika na nini? Mama yangu alikuja kwangu Mwanza akaanza kukonda, mpaka siku moja dada wa kazi kaenda msibani kwao wiki mbili. Mama kashika jiko. Kwanza aliturudishia sufuria zote chini eti tumezipanga juu kama za duka. Alikuwa anachambua dagaa kibarazani anaongea na kila anayepita, wiki ya pili jirani wanamwita kwa jina ambalo mimi nilikuwa silijui, jina la utoto wake. Dada aliporudi mama akaniambia "huyu mwambie afue tu".

@Chipukizi mama yako anafanya kazi gani hapo nyumbani? Hata moja?

#11 Chipukizi_Kibosho
Hakuna. Mkono ulivunjika kwa hiyo tulimkataza kila kitu, halafu mkono ukapona tukaendelea kumkataza. Siku moja alianza kumenya ndizi dada akamnyang'anya kisu kwa heshima kabisa, "bibi acha nitamenya". Mimi nilimsifia dada.

#12 Mlezi_Leicester
Niko Uingereza mwaka wa tisa, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, nina dakika thelathini kwa kila mzee. Huku upweke unaonekana mpaka kwenye friji. Nilikuwa na babu mmoja nafungua friji nakuta chupa saba za maziwa hazijafunguliwa na yeye hanywi maziwa. Kumbe kila asubuhi anaenda dukani kununua chupa moja ili aongee na yule wa kwenye kaunta. Duka likaweka mashine za kujilipia mwenyewe, akaacha kwenda. Dalili nyingine, TV inawaka kutwa hata haangalii, na ukiaga anakumbuka jambo. Unashika mlango anakwambia "kabla hujaondoka", hapo hapo ndo stori inaanza. Nami muda umeisha nina mwingine mtaa wa pili. Nikitoka nampigia mama yangu Iringa, na yeye nikitaka kukata simu anafanya vile vile, "eeh halafu mwanangu". Inaniuma sana hii.

Huku wenzetu wameona ni tatizo mpaka serikali mwaka 2020 ikateua waziri wa upweke.

#13 Kitabu_Mkononi
@Mlezi_Leicester pole na hongera kwa kazi. Sahihisho dogo, Uingereza ilikuwa Januari 2018, na hakuwa waziri wa upweke tu, aliongezewa hilo juu ya majukumu yake mengine. Japani wakafuata 2021. Na WHO waliunda kamisheni ya mambo haya Novemba 2023, ripoti yao ya 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na sio wazee peke yao, vijana wamo wengi tu. Kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu.

#14 Mlezi_Leicester
Asante kwa kuniweka sawa, 2020 nimechanganya na corona.

#15 Konda_Mstaafu
Waziri wa upweke angekuwepo huku angefungua kikao, akapigwa picha na wazee, akaondoka. Tarehe 1 Oktoba siku ya wazee tunawaona kila mwaka na fulana zao. Tarehe 2 je?

#16 Mwana_wa_Wete
Sisi Zanzibar angalau pensheni jamii ipo, kila mwenye miaka 60.

#17 Dada_Chiku
70 kaka, sio 60. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Babu yangu alikuwa na 68 akasubiri.

#18 Mwana_wa_Wete
Kweli, 70, umeniwahi. Lakini nilitaka kusema hivi, babu zetu pesa ile hawaifurahii kama wanavyoifurahia foleni yake. Siku ya kupokea wanavaa kanzu safi, wanakutana na wenzao ambao mwezi mzima hawajaonana. Bibi yangu alikuwa akirudi anatutajia nani alikuja na nani hakuja, na asiyekuja anatumwa mtu akamtazame. Ikihamia kwenye simu pesa itaingia, sawa, lakini atatumwa nani akamtazame nani?

#19 Daktari_wa_Zamu
Nimesoma yote. Kuna hatari ya kuita kila kitu upweke tukaacha kinachotibika, na ya kuita kila kitu ugonjwa pia.

Cha kwanza ni sonona. Mpweke akija mgeni anachangamka, ukimpeleka kwenye jumuiya anarudi mtu mwingine. Mwenye sonona mgeni anakuja na bado haoni raha, hataki kula, anaamka usiku wa manane hapati usingizi tena, anajiona mzigo, na akianza kusema "bora Mungu anichukue" msipuuze, huyo apelekwe hospitali haraka. Viwili hivi vinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Pili ni kupoteza kumbukumbu, demensia. Kilimanjaro hiyo hiyo, wilaya ya Hai, ulifanyika utafiti uliochapishwa 2013 ukakuta kama asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wanayo. Ndiko kilikotengenezwa kipimo ambacho mzee anapanga njiti za kiberiti badala ya kuchora kwa kalamu, maana wazee wengi hawakusoma, ukimpa kalamu unampima shule sio akili. Mwenye demensia anaweza kujitenga kwa sababu anaona aibu kusahau majina.

Halafu tezi ya shingo, damu pungufu, mtoto wa jicho, na dawa zenyewe. Kuna dawa za presha zinazochosha mwili. @Chipukizi anatumia zipi? Usiziache, waulize waliomuandikia. Na Fundi_Spika hajakosea, ripoti ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 imetaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia ambayo yanaweza kushughulikiwa, kutosikia vizuri limo na kujitenga na watu limo.

#20 Sista_wa_Tabora
Daktari nakubali ila ule mtihani wa mgeni haunyooki. Wazee wetu wana adabu, mgeni akija anachangamka hata kama anaumwa sonona, akiondoka anaanguka kitandani. Muangalieni nusu saa BAADA ya mgeni kuondoka.

#21 Daktari_wa_Zamu
Sawa kabisa, hilo nalichukua.

#22 Kilifi_Moja
Salamu kutoka Kilifi, Kenya. Huku kwetu kuna sababu nyingine hamjaitaja, hofu. Mzee akimea mvi anaitwa mchawi na wako waliouawa, mara nyingi shamba ndilo linalotafutwa. Nyanya yangu aliacha kwenda mazishini, akaacha kushika watoto wa watu, mlango anafunga jua likiwa juu. Sisi tukasema nyanya amekuwa mpweke siku hizi. Hakuwa ameacha watu, watu ndio walimuacha na yeye akajificha. Pesa za Inua Jamii, zile serikali inawapa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, alikuwa anatuma mtu amchukulie ili asionekane njiani. Kwa hiyo mkiona mzee amejitenga muulize pia majirani wanasema nini juu yake.

#23 Mama_Tegemea
@Kilifi_Moja pole sana ndugu. Hata kwetu Kanda ya Ziwa, bibi akiwa na macho mekundu ya moshi wa kuni kesi imeisha. Nyanya yuko wapi sasa?

#24 Kilifi_Moja
Tulimhamishia kwa shangazi Malindi mjini. Anafungua mlango sasa, lakini analia shamba. Hatuna jibu.

#25 Mlaki_Junior
Mimi nauliza swali dogo. @Chipukizi mnaongea lugha gani humo ndani?

#26 Chipukizi_Kibosho
Kiswahili. Watoto na Kiingereza cha shule. Mke wangu ni Mnyakyusa.

#27 Mlaki_Junior
Na wewe na mama?

#28 Chipukizi_Kibosho
Kichaga tukiwa wawili. Sema ni mara chache tunakuwa wawili, nikifika saa mbili usiku mama ameshalala.

#29 Mlaki_Junior
Basi mimi kwangu liko hapo. Bibi yangu Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, anauzia na kusalia. Utani wote, kusengenya, kukumbuka, kulia, ni Kichaga. Alivyokuja Arusha akawa mtu wa "asante", "nimeshiba", "niko salama". Tukasema bibi kapoa. Siku akampata muuza mboga mmoja anatoka Kibosho kwao, niliwakuta getini bibi anacheka mpaka kashika nguzo, mchicha umemwagika chini. Kile kicheko sikukisikia tangu afike. Mama yako anaweza kuwa anakaa getini anasikiliza kama kuna mtu atapita anaongea lugha yake.

#30 Konda_Mstaafu
Hii nimeisoma mara mbili. Dah.

#31 Mzee_wa_Kigoda
Mlaki amesema. Nami niseme ukweli, kule juu niliandika kwa kujitetea. Wenzangu wanne wa bao wamebaki wawili, mmoja kapelekwa kwa mwanae Dodoma. Chini ya mwembe huwa nasubiri na mimi. Bado nasema sio kila ukimya, lakini nasubiri.

#32 Dada_Chiku
Babu uko wapi tuje tucheze bao?

#33 Mzee_wa_Kigoda
Korogwe. Njoo na kete zako, zangu zimepungua, wajukuu wanachezea.

#34 Fundi_Spika
Chipukizi usipotee, masikio ulipima?

#35 Chipukizi_Kibosho
Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita. Masikio tumepima, la kulia lilikuwa na nta wameitoa, la kushoto wamesema limepungua kidogo kwa umri. Anasikia geti sa hivi kabla ya dada. Kuhusu dawa, daktari wake amesema atazipitia mwezi ujao. Sonona wamemuuliza maswali mengi, hawajasema ndiyo wala hapana, wanataka kumuona tena. Dada yangu mkubwa bado anasema ni uzee.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilimpeleka jumuiya ya mtaani kwetu. Nikafanya kama alivyosema Sista, nikamuangalia baada ya kurudi. Alienda kulala moja kwa moja mpaka saa sita. Sijui niisomeje. Jumamosi iliyofuata mwenyewe alikuwa kashavaa.

Kisu karudishiwa. Anamenya polepole na maganda hataki yatupwe, anayaweka kwenye ndoo, nikamuuliza ya nini wakati hatuna ng'ombe, akasema "yasipotee tu". Nimeongea na kaka yangu, mwezi wa kumi na mbili tukipanda Moshi atakaa mpaka Pasaka halafu aamue mwenyewe. Mke wangu anaogopa ataanguka tena, nami naogopa. Begi bado hajalifungua.

Jana usiku nilimkuta hajalala, tukaongea Kichaga mpaka saa tano. Mengi ni ya watu waliokufa. Mwisho akauliza ile kona ya nyuma ya tanki, maji yanapomwagika, kama inaweza kuchukua migomba miwili. Kuna mtu huku Kibamba au Mbezi ana miche ya mshare? Sio bukoba, amesema mshare.

#36 Mlaki_Junior
Shemeji yangu yuko Malamba Mawili anayo, ameitoa Machame. Nakuja inbox. Chimba shimo mapema, uweke na hayo maganda.

#37 Mama_Tegemea
Muache achimbe yeye, wewe shika taa.